Lulu na Jani la Jasi: Kusoma Sanaa ya Watawa wa Ghuba kwa Macho ya Kiswahili

Mtajie mwanafunzi wa fasihi sanaa ya Kikristo ya zama za kati, na mawazo yake yatakimbilia Ulaya: makanisa ya mawe yenye vioo vya rangi, Mtakatifu Fransisko wa Assisi akiwahubiria ndege, mwali akiwa na mnyama wa pembe moja. Ndiyo maana chama kilipopanga mada ya muhula huu, taashira za maumbile katika sanaa ya tasaufi ya Kikristo, wenzetu walitutazama sisi tunaoishi Muaither kwa jicho la huruma. Muaither kuna nini? Nyumba za kupanga, maduka ya vyakula, misikiti, vumbi la magharibi mwa Doha, na basi la kwenda kituo cha Al Riffa. Kanisa la kale halipo.

Dai letu ni kwamba hatukuhitaji kwenda mbali. Mojawapo ya chemchemi za tasaufi hiyo ilibubujika katika ardhi hii hii tunayolipia kodi kila mwezi, na mtu aliyelelewa na Kiswahili na pwani anao ufunguo wa kuisoma.

Neno tasaufi tumelichagua makusudi. Kwa kawaida ni neno la masufi wa Kiislamu, lakini Kiswahili hakina neno jingine lililozoeleka kwa ile ibada ya ndani ambapo mtu huacha kuzungumza juu ya Mungu akaanza kumtafuta kwa kimya, mfungo na machozi. Mhadhiri mwenye neno bora atuandikie.

Katika karne ya 7, Wakristo waliosali kwa lugha ya Kisiriaki waliliita eneo la mashariki ya Arabuni Beth Qatraye, nchi ya Waqatari. Jina hilo lilikuwa pana kuliko dola ya leo. Lilichukua rasi ya Qatar pamoja na visiwa vya Bahrain, kisiwa cha Tarut na pwani ya jirani iliyo sasa Saudi Arabia. Watu hao walikuwa waumini wa Kanisa la Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mesopotamia. Mwaka 676, zaidi ya miaka 40 baada ya kufariki kwa Mtume Muhammad (S.A.W.), mkuu wa kanisa hilo, Giwargis wa Kwanza, alisafiri hadi Darin, katika kisiwa cha Tarut, akakaa na maaskofu wa eneo hili katika mkutano. Kwa hiyo Waislamu wa mwanzo na watawa hawa walikuwa majirani, si watu wa vitabu viwili tofauti vya historia.

Katika nchi hiyo alizaliwa Isaka, ambaye dunia inamfahamu kama Isaka wa Ninawi. Giwargis alimweka kuwa askofu wa Ninawi, ng'ambo ya mto kutoka Mosul. Alikaa kwenye kiti hicho miezi mitano tu, akakiacha, akaenda kuishi peke yake milimani katika eneo ambalo leo ni Khuzistan nchini Iran, na baadaye katika monasteri ya Rabban Shabur. Inasimuliwa kwamba alisoma mpaka akapofuka macho, na wenzake wakawa wanamwandikia. Dadisho na Gabrieli, nao waandishi wa karne hiyo hiyo, wanaitwa Qatraya mpaka leo kwa sababu ya nchi yao. Mwaka 2014 wasomi wa Chuo Kikuu cha Qatar na wa American University of Beirut walitoa kitabu kizima cha makala juu ya waandishi hao wa Kisiriaki, na mwaka 2015 wakafuatisha mkusanyo wa maandishi yao kwa tafsiri ya Kiingereza. Novemba 2024 Papa Fransisko alitangaza kuliingiza jina la Isaka katika orodha ya watakatifu wa Kanisa Katoliki. Mtu wa huku kwetu, basi, ingawa mitaani Muaither hakuna anayemjua.

Tuanze na lulu, kwa maana Isaka mwenyewe anairudia sana. Anamlinganisha mtawa na mpiga mbizi anayejitosa baharini uchi, bila kubeba chochote, mpaka aipate ile lulu moja. Kufikia hapo ni mfano ambao hata mtu wa nchi kavu angeweza kuutunga baada ya kusoma Injili ya Mathayo. Ila mahali pengine anaingia ndani zaidi, na hapo ndipo unapomsikia mtoto wa Ghuba. Anasema, kwa maana yake, kwamba kama kila chaza angekuwa na lulu basi kila mtu angetajirika haraka. Kama mpiga mbizi angeipata mara tu anapozama, bila mawimbi kumpiga, bila kukutana na papa, bila kubana pumzi hadi karibu na kufa, lulu zisingekuwa na thamani. Sala nayo iko hivyo. Siku nyingi unafungua chaza na kukuta nyama tupu.

Angalia alichokifanya. Mfano wake hauko kwenye mng'aro wa lulu. Uko kwenye chaza mtupu. Mwandishi aliyeiona lulu shingoni mwa malkia tu angeandika juu ya weupe na umbo la duara. Huyu anajua kazi yenyewe. Anajua kwamba kikapu kizima cha chaza huweza kutoka patupu, na kwamba kesho yake mtu huzama tena. Huo ndio ufafanuzi bora wa sala kavu, sala isiyojibiwa, tuliowahi kuusoma, na umetoka kwenye biashara ya pwani hii.

Wachoraji na wachongaji nao walipita njia hiyo. Misalaba mingi ya Kanisa la Mashariki haiishii kwa ncha kavu. Kila mkono wa msalaba hupanuka mwishoni na kubeba vidoto vya mviringo ambavyo wataalamu huviita lulu. Ukifuata njia ya wafanyabiashara na watawa hao hadi China utaukuta msalaba wa namna hiyo juu ya jiwe maarufu la Xi'an, lililosimamishwa mwaka 781, ukiwa umeketi juu ya ua la yungiyungi. Wasiriaki walikuwa tayari wamepewa maana ya lulu na mshairi wao Efraimu, aliyefariki mwaka 373. Watu wa zamani waliamini lulu huzaliwa pale umeme wa radi unapoligusa chaza ndani ya maji, moto na maji vikikutana bila baba wa mwili, na Efraimu akaiona hapo picha ya kuzaliwa kwa Kristo. Sayansi ya chaza imekwisha kukataa hadithi hiyo, lakini anayetaka kuusoma ule msalaba lazima aijue.

Wanaisimu wa chama watafurahia jambo hili. Kisiriaki huiita lulu marganita, neno lililotoka Kiyunani. Kiarabu kikalichukua likawa marjan, na sisi tukalipokea likawa marijani. Njiani neno lilibadilisha mzigo: kwao lulu, kwetu ile marijani nyekundu ya baharini. Lulu yenyewe tukaiazima kwa jina lingine la Kiarabu.

Lakini hatuwezi kuiandika lulu ya Ghuba katika jarida la Kiswahili tukaishia kwenye sala. Panda treni ya mstari wa kijani kutoka Al Riffa hadi Msheireb, tembea dakika chache, uingie Nyumba ya Bin Jelmood. Ni makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2015 kueleza utumwa katika Bahari ya Hindi, na yanasema wazi kwamba utumwa ulikuwapo hapa, na kwamba Qatar iliufuta mwaka 1952. Katika karne ya 19, soko la lulu lilipopanda Ulaya, Marekani na India, majahazi ya uzamiaji yalihitaji miguu na mapafu, na sehemu ya wapiga mbizi walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani, wengine wao kutoka pwani yetu na bara yake. Msimu mkubwa ulichukua takriban miezi minne ya kiangazi. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni limshushe, akaokota chaza hadi pumzi ikatike, kisha akaitikisa kamba ili mwenzake aliye juu amvute. Aliyekuwa mtumwa, sehemu yake ya mapato ilikwenda kwa bwana wake. Biashara hiyo ilianguka baada ya 1929, uchumi wa dunia ulipoporomoka na lulu za kufuga za Wajapani zikajaa sokoni.

Karne 12 zinamtenga Isaka na majahazi hayo, na hatumtwishi dhambi isiyo yake. Ila taashira husomwa na watu walio hai. Mpiga mbizi wa Isaka yuko uchi kwa sababu amechagua kuacha mali yake ufukweni. Babu aliyezama kwa amri ya bwana alivuliwa na mikono ya wengine. Uchi ni uleule, kamba ni ileile, na maana zimepishana kabisa. Tulipojadili hili sebuleni Muaither, mwenzetu mmoja alisema mfano huo hauwezi tena kutumika bila haya. Mwingine alijibu kwamba hapana, huenda aliyezama kwa kulazimishwa ndiye aliyeijua sala ya chaza mtupu kuliko mtawa yeyote. Hatukuafikiana usiku ule, na hatujaafikiana mpaka leo.

Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Qatar, yale yaliyojengwa kwa umbo la waridi la jangwani, kuna zulia la Baroda, lililotengenezwa India karne ya 19 kwa nia ya kupelekwa kwenye kaburi la Mtume Madina. Limeshonwa kwa lulu zipatazo milioni moja na nusu, lulu za Ghuba. Maua yake ni mazuri mno. Sisi tulijikuta tukihesabu pumzi.

Sasa tuende kwenye jani.

Mwaka 1992 watafiti wa mambo ya kale waligundua mabaki ya monasteri katika kisiwa cha Sir Bani Yas, Abu Dhabi, na miaka iliyofuata wakafukua kanisa lake. Kuta zake zilipambwa kwa jasi iliyochongwa (hata neno jasi tumelipata kwa Waarabu): misalaba, mizabibu yenye vichala, makuti ya mtende, maua ya duara. Mwanaakiolojia Robert Carter, ambaye baadaye alifundisha hapa Doha na kuandika historia kubwa ya lulu, alichunguza upya vyungu na mapambo hayo, akaonyesha kwamba monasteri ilistawi hadi karne ya 8, yaani ndani ya enzi ya Uislamu. Jasi za ukoo huo zimepatikana pia Failaka nchini Kuwait na Kharg upande wa Iran. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba Sir Bani Yas imetoa tena bamba la jasi lenye msalaba, refu la takriban sentimita 27. Msalaba umesimama juu ya ngazi ngazi zinazowakilisha kilima cha Golgota, na chini, kwenye shina lake, yanachipua majani.

Majani kwenye shina la mti wa kuulia. Kwa Mkristo wa Kisiriaki maana yake ilikuwa wazi: mti uliowaponza Adamu na Hawa na mti wa msalaba ni sura mbili za jambo moja, na huu wa pili ndio mti wa uzima uliorudi. Roma ililisema hilo hilo karne nne hivi baadaye. Katika kanisa la San Clemente, ukuta wa nyuma ya altare una mozaiki ya karne ya 12 ambapo mmea mkubwa unachipua chini ya msalaba na kutambaa ukuta mzima kwa matawi yaliyojikunja, njiwa 12 wametua juu ya msalaba, na paa wanakunywa maji ya mito minne. Ujerumani, karne hiyo hiyo, mtawa Hildegard wa Bingen (1098–1179) alitumia neno la Kilatini la ukijani, viriditas, kwa nguvu ya Mungu inayotia uhai katika mimea na roho. Nakala yenye picha ya kitabu chake cha maono, Scivias, ilipotea Dresden mwaka 1945, na tunazijua picha zake kwa sababu masista wa Eibingen walikuwa wamekwisha kuinakili kwa mkono.

Tofauti ni mvua. Hildegard aliishi kando ya Rhein, ambako ukijani ni jambo la kila siku. Aliyechonga jani la Sir Bani Yas aliishi kwenye kisiwa kisicho na mto, chini ya mbingu ambayo Qatar hii huipa mvua isiyofikia milimita 100 kwa mwaka. Kwake jani halikuwa pambo la mandhari. Lilikuwa habari.

Na hapa mkazi wa Muaither hahitaji kamusi. Tazama majina ya mahali kwenye ramani ya nchi hii: Rawdat hiki, Rawdat kile. Rawda ni bonde dogo jangwani ambamo maji ya mvua hukusanyika na udongo mzuri, na mvua ikinyesha huota majani ghafla, wiki chache, kisha huisha. Sisi neno hilo tunalo. Ni raudha, bustani, na tunawapa binti zetu jina la Raudha bila kufikiri juu ya bonde lolote. Muaither iko katika manispaa ya Al Rayyan, jina lenye maana ya kilichonyweshwa kikashiba maji, na kila Mwislamu anajua Rayyan ni mlango wa peponi wa waliofunga. Katika nchi kavu pepo huanza kwa unyevu. Watawa walichonga majani, na majirani zao wakaita mabonde yao bustani. Kiu ilikuwa moja.

Mzabibu nao una kioja chake cha Kiswahili. Zabib kwa Kiarabu ni zabibu kavu. Sisi tukalichukua jina la tunda lililokaushwa, tukarudi nalo nyuma hadi kwenye mmea hai: mzabibu. Yaelekea pwani yetu ililijua tunda kwenye kapu la jahazi kabla ya kuliona mtini. Basi Mkristo wa Kiswahili anaposoma kwamba Kristo ni mzabibu wa kweli, ndani ya neno lenyewe kuna safari ya bahari na jua la kukausha. Mwenzetu wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, alikataa kushangaa.

Lazima tujizuie hapa, kwa sababu ugonjwa wa mada hii ni kuona taashira kila mahali. Mpeleke mgeni Mji Mkongwe wa Unguja, mwongoza watalii atamsomea mlango mzima kama barua: samaki ni uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni utumwa au ni ulinzi, kutegemea ni nani anayelipa. Huenda baadhi ni kweli. Lakini fundi seremala alikuwa na vielelezo vyake, mteja alikuwa na mfuko wake, na mara nyingine jani ni jani linaloziba nafasi. Hivyo hivyo na jasi ya Ghuba. Mizabibu ya kujikunja ilichongwa kwenye nyumba za matajiri wa Uajemi kabla ya Uislamu, na ilichongwa tena kwenye makasri ya makhalifa kule Samarra katika karne ya 9. Fundi yule yule angeweza kuwachongea watawa mwezi huu na mfanyabiashara mwezi ujao. Mtu akituambia kila kichala cha Sir Bani Yas ni damu ya Kristo, tunamwomba apumue kidogo.

Kipimo tunachokitumia ni mahali. Mzabibu unaozunguka fremu ya mlango unaweza kuwa pambo tu. Jani linalochipua kwenye ngazi za Golgota, mahali ambapo kwa kawaida haliwezi kuota, limewekwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema. Ni kipimo kile kile wahadhiri wetu wanachotufundisha katika riwaya: mvua ikinyesha masika si lazima iwe taashira, ikinyesha siku ya hukumu ujiulize. Kwenye mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, herufi za Kikufi zimechongwa kwenye matumbawe na ncha zake zinachipua majani. Wataalamu wameihusisha kazi hiyo na mafundi wa Siraf, bandari ya upande wa pili wa Ghuba hii. Herufi za dini zinazoota majani, juu ya jiwe lililokuwa kiumbe hai cha bahari: hapo hatuoni haya kuuliza maana. Jahazi lililobeba mtindo huo lilifuata pepo zile zile za kaskazi zilizokuwa zikileta tende.

Kuna njia nyingine watu wa Beth Qatraye walifika Afrika Mashariki, na ndiyo iliyotushangaza zaidi. Watawa wa Ethiopia wana vitabu vitatu vinavyoitwa Vitabu vya Watawa, vilivyotafsiriwa kwa Kige'ez kutoka Kiarabu. Kimoja kinaitwa Mar Yishaq, na ni Isaka wetu. Kingine kinaitwa Filkesyus, lakini kazi yenyewe kwa asili ni ya Dadisho Qatraya. Vitabu viwili kati ya vitatu, basi, vimetoka kwa watoto wa eneo hili. Mtawa wa nyanda za juu za Ethiopia, ambako misalaba ya maandamano husukwa kama matawi na pembeni yake hutua ndege wadogo wa shaba, alijifunza sala kutoka kwa mtu wa nchi ya chaza. Hatusemi Isaka ndiye aliyewachorea misalaba. Tunasema waliokuwa wakiitazama misalaba hiyo walikuwa wakimsoma yeye.

Walichokisoma ndicho kinachotufanya tuhitimishe kwa kazi iliyo mezani kwetu sasa. Tunatafsiri kwa Kiswahili kipande maarufu cha Isaka juu ya moyo wenye rehema. Anauliza moyo huo ni upi, na anajibu kuwa ni moyo unaoungua kwa ajili ya uumbaji wote: watu, ndege, wanyama, hata mashetani, hata maadui wa kweli, hata watambaao. Mwenye moyo huo hawezi kuvumilia kuona kiumbe kikipata dhara hata dogo. Mahali pengine anasema wanyama wakali humwendea mnyenyekevu, hulamba mikono na miguu yake, kwa kuwa kwake wanasikia ile harufu iliyokuwa kwa Adamu siku alipowapa majina. Si sauti, si nuru, ni harufu. Kisiriaki husema riha, na mzizi huo ndio uliotupa rihani. Katika nyumba zetu Muaither, ambako mgeni hufukiziwa udi kabla ya kuondoka, hakuna aliyehitaji maelezo.

Neno la rehema halikutupa taabu. Kisiriaki rahme, Kiarabu rahma, Kiswahili rehema ni ndugu wa tumbo moja, na hapa Mkristo na Mwislamu wa chama chetu walisoma bila kamusi. Tuligombana juu ya mashetani. Mwenzetu wa Mombasa alipendekeza majini, akisema neno mashetani ni zito mno kwa mtu anayeombewa. Lakini pwani yetu ina majini wema, majini Waislamu, majini wa ukoo wanaotunzwa kwa ubani na halua. Ukiandika majini, msomaji wa Lamu au Pemba atatikisa kichwa kukubali: naam, hao ni wa kuombewa, kuna shida gani? Pepo nao vivyo hivyo, maana pepo kwetu hupungwa na kubembelezwa. Isaka hakukusudia viumbe vya kubembelezwa. Alimkusudia adui aliyeasi, yule ambaye hakuna anayemtakia heri, kisha akasema machozi yamfikie na yeye. Tukilainisha neno tumempunguzia mzigo uliokuwa mgumu kwake makusudi.

Rasimu inasema mashetani. Mwenzetu wa Mombasa ameandika pingamizi lake pembeni kwa kalamu nyekundu, na tumekubaliana lisifutwe mpaka wahadhiri wa tafsiri waisome.